Raki au pedali: namna ya kuchagua efekti za gita kabla hujatoa hela

Mpiga gita akishapata hela ya kuongeza vifaa, huanza kwa kuuliza kipi kina sauti nzuri zaidi, raki au pedali. Nimepiga solo kwenye bendi za dansi na kanisani hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, nimebeba vyote viwili, na ninavyoona mimi swali hilo ni la mwisho. Yanayotangulia ni manne: unabadilisha sauti ngapi kwa mpigo mmoja, nani anabeba, umeme unatoka wapi, na amplifaya unayopigia inapokea nini. Ukiyajibu hayo kwa ukweli, hutababaika dukani.

Tuelewane maneno kwanza. Efekti ni kifaa kinachobadilisha sauti ya gita kabla haijafika kwenye spika. Pedali ni kile kiboksi unachokikanyaga, mara nyingi cha kazi moja: ovadraivu (inakwaruzisha sauti), korasi (inainenepesha kama gita mbili zinapiga pamoja), dilei (inairudia kama mwangwi). Raki ni mashine bapa yenye uso wa inchi 19, yaani kama sentimita 48, inayofungwa kwa skrubu nne kwenye fremu ya sanduku. Kimo chake hupimwa kwa U, na U moja ni milimita 44.45. Ukisikia sanduku la U 4, maana yake linameza mashine nne nyembamba, au mbili nene.

Kwa sauti yenyewe, pengo ni dogo kuliko watu wanavyosema. Mwaka 1983 Boss walitoa DD-2, pedali ndogo ya kwanza yenye dilei ya kidijitali, na chipu iliyomo ndani ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya raki ya Roland SDE-3000. Helix ya Line 6 ilipotoka mwaka 2015 ilikuja kwa maumbo mawili, la sakafuni na la raki, na ubongo wake ulikuwa uleule. Kwa hiyo usinunue raki kwa kudhani kuna utamu uliofichwa humo. Nunua kwa sababu ya namna inavyofanya kazi.

Hatua ya 1: Andika usiku mmoja mzima kwenye daftari

Chukua nyimbo zote unazopiga shoo moja. Kila wimbo uandikie mstari: unaanza na sauti gani, inabadilika wapi, na pale inapobadilika unakanyaga vitu vingapi. Usiandike sauti unazozitamani, andika unazozipiga.

Mfano kutoka daftari langu. Wimbo mmoja unaanza kwa gita safi, kompresa (inasawazisha noti kubwa na ndogo) na riverbu kidogo (mwangwi kama wa chumba kikubwa). Mwimbaji akimaliza beti ya pili naingia na solo: ovadraivu inawaka, dilei ndefu inawaka. Halafu ngoma zinachemka, tunaingia sebene, na hapo hapo ovadraivu lazima izime, dilei ndefu izime, korasi iwake. Mambo matatu kwenye mpigo mmoja. Kwa mwendo wa mipigo 120 kwa dakika, mpigo mmoja ni nusu sekunde, na mguu wa kulia una kisigino kimoja tu.

Hesabu sehemu za namna hiyo. Zikiwa moja au mbili usiku mzima, pedali za kawaida zinatosha. Utapanga mbili zinazowaka pamoja zikae karibu ili uzikanyage kwa mguu mmoja. Zikiwa kwenye kila wimbo wa pili, unahitaji mfumo wenye kumbukumbu, yaani kitufe kimoja kinachobadilisha kila kitu.

Hapa ndipo wengi wanaporukia raki bila kufikiri. Ni kweli raki ilipata umaarufu kwa sababu hiyo. MIDI, yaani lugha ya vyombo vya muziki kuamrishana, ilipoingia mwaka 1983, mashine ziliweza kuamriwa kwa kebo moja, hadi namba 128 za sauti zilizohifadhiwa. Lakini leo kuna njia nyingine ya kupata kumbukumbu bila raki: kuna kiboksi cha sakafuni ambacho pedali zako zote huchomekwa ndani yake, nacho ndicho kinachoziingiza na kuzitoa kwa mpangilio ulioupanga, na kuna multiefekti ya sakafuni, yaani mashine moja ya kukanyaga yenye efekti nyingi ndani. Kumbuka hilo kabla ya kwenda hatua ya pili.

Hatua ya 2: Angalia nani anabeba

Sanduku la U 4 likiwa na mashine tatu na kigawa umeme hufika kilo 12 hadi 18, kutegemea ni la mbao au la plastiki. Ubao wenye pedali sita na adapta yake ni kama kilo 5 au 6, unaingia kwenye begi la mgongoni, na bado una mkono wa kushika gita. Ukitumia bodaboda au daladala kwenda kazini, jibu umeshalipata. Sanduku la raki juu ya bodaboda sijawahi kuliona likifika salama, na siamini kuna mtu atanionyesha.

Wapiga gita wakubwa wa studio za Los Angeles miaka ya 1980, kama Steve Lukather wa bendi ya Toto, walitengenezewa mifumo mikubwa ya raki na Bob Bradshaw, fundi ambaye jina lake haliwezi kukosekana kwenye habari hizi. Zilikuwa sauti za ajabu. Ila watu wale walikuwa na mafundi wa kufungua, kufunga na kusukuma masanduku yenye magurudumu. Bendi yako ikiwa na ukumbi wake wa kudumu, ambapo vifaa vinalala jukwaani na mlango unafungwa kwa kufuli, hali yako inafanana na yao. Ukiwa mtu wa harusi, leo Mbagala kesho Bagamoyo, haifanani.

Hatua ya 3: Umeme

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo vifaa vyetu vinapofia.

Raki nyingi zinazofika kwetu ni mtumba kutoka Japani na Marekani. Umeme wa Japani ni volti 100, wa Marekani ni 120. Tanzania ni 230, Kenya 240. Mashine ya zamani ina transfoma ndani iliyofungwa kwa volti ya kwao, haichagui. Nilinunua dilei ya mtumba kwa hela ya shoo tatu, uso wake unang'aa, vitufe vyote vizima. Maandishi ya volti yalikuwa mgongoni, herufi ndogo kama za kibiriti, AC 100V, nami niliikuta imeshafungwa ndani ya sanduku sikuyaona. Niliichomeka. Taa iliwaka vizuri sana kwa sekunde chache, kisha ikaja ile harufu ya vanishi inayoungua, kali puani, halafu uzi mwembamba wa moshi ukatoka kwenye matundu ya juu. Fundi alipofungua alinionyesha transfoma, karatasi yake ya njano imekuwa nyeusi upande mmoja. "Kaka, hii ilikuwa imekufa kabla hujatoa mkono kwenye swichi."

Basi, kwa kila raki unayotaka kununua:

Geuza mgongo wake usome volti kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Ikiandikwa 100 au 120 tu, utahitaji transfoma ya kushusha, na ununue yenye wati angalau mara mbili ya jumla ya mashine zako. Kwa za Japani tafuta yenye tundu la volti 100, kwa sababu nyingi zinazouzwa mitaani zinashusha hadi 110 tu. Transfoma hiyo ni kilo nyingine za kubeba, iweke kwenye hesabu ya hatua ya pili. Ikiandikwa 100–240, haina shida, chomeka.

Ukumbini umeme hupanda na kushuka, na jenereta likianza kuzidiwa taa za jukwaani hufifia kabla hujasikia lolote. Raki ya kidijitali volti ikishuka hujizima na kujiwasha, na wakati inajiwasha gita lako linalopita humo linakuwa kimya. Weka stabilaiza. Kwa mashine za volti 230, hata UPS ndogo ya kompyuta inatosha kuzibeba raki mbili kwa dakika chache.

Pedali zina nafuu hapa, ila nazo zina masharti. Nyingi hutaka volti 9 za DC, hasi ikiwa katikati ya tundu. Zipo zinazotaka volti 18, na baadhi ya za zamani hutaka 9 za AC, ukikosea unaiua. Soma mchoro mdogo pembeni ya tundu. Kisha jumlisha miliampea: ovadraivu ya kawaida hunywa 10 au 20, dilei ya kidijitali 60 hadi 100, na zile kubwa zenye skrini hufika 300 na zaidi. Adapta iwe na akiba ya theluthi moja juu ya jumla. Ukiweza, nunua yenye matundu yaliyotenganishwa, kila pedali na tundu lake. Ule waya mmoja unaoruka kutoka pedali hadi pedali ni wa bei rahisi, lakini ukichanganya dilei ya kidijitali na ovadraivu kwenye waya huo utasikia mlio mwembamba kama mbu nyuma ya kila noti.

Na ethi, ule waya wa ardhini unaokukinga na shoti. Sote tumeona mtu akichomeka plagi ya miguu miwili kwenye soketi ya matundu matatu kwa kusukuma kalamu ya wino kwenye tundu la juu. Inaingia, inawaka, lakini kifaa hakina ethi, na mpiga gita anashika nyuzi za chuma huku midomo ikigusa maiki. Usifanye hivyo kwa amplifaya wala kwa raki, hata siku moja.

Hatua ya 4: Jua amplifaya inapokea nini

Sauti inayotoka kwenye gita la kawaida ni dhaifu. Pedali zimetengenezwa kuipokea hivyo: mlango wake wa kuingilia huwa na ukinzani wa kama megaohm 1, hivyo haizidhoofishi pikapu za gita, zile sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi. Raki nyingi zimetengenezwa kupokea sauti iliyokwisha kukuzwa, na mlango wake huwa kama kiloohm 10 au 20. Ukichomeka gita moja kwa moja humo, ule ukali wa juu unapotea, solo inasikika kama mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi. Wengi huilaumu raki. Kosa ni la mahali ilipowekwa.

Mahali pake ni kwenye lupu ya efekti, zile jeki mbili nyuma ya amplifaya zilizoandikwa SEND na RETURN. Hapo sauti imeshapita sehemu ya kwanza ya amplifaya na ina nguvu. Angalia pia kiwango: vifaa vya studio hufanya kazi kwenye +4 dBu, kama volti 1.23, na vya nyumbani kwenye −10 dBV, kama volti 0.32. Raki nyingi zina swichi ya kiwango mgongoni, na baadhi ya amplifaya pia. Zipatanishe. Pedali ikiwekwa kwenye lupu yenye +4 inaweza kukwaruza hata ukipiga taratibu. Ukishachomeka, piga kodi kwa nguvu zako zote uangalie taa za raki: kijani kila wakati, njano kwenye pigo zito, nyekundu isiwake kabisa, kwa sababu kidijitali kikifurika hakikwaruzi kwa utamu.

Sasa swali la kweli: je, amplifaya unazozikuta kazini zina lupu? Kama unabeba ya kwako, unajua. Kama unapigia za kukodi, zikague ukumbi baada ya ukumbi. Nyingi hazina, na nyingine jeki zake zimeshika kutu kwa hewa ya bahari. Kuna dalili moja ya kuijua: sauti inapungua au kukatika ovyo hata bila kitu kwenye lupu. Chukua kebo fupi uunganishe SEND na RETURN. Sauti ikirudi nzima, ugonjwa uko kwenye jeki ya RETURN. Ingiza na kuchomoa plagi mara kumi, ukiwa na dawa ya kusafishia vifaa vya umeme ipulize. Nimeokoa shoo mbili kwa ujanja huo.

Usipokuwa na uhakika wa lupu, usinunue raki. Hiki ndicho kigezo ninachokishikilia kuliko vyote.

Hatua ya 5: Chagua

Unasafiri mwenyewe, unapigia amplifaya za watu, sehemu za kubadilisha mambo matatu kwa pamoja ni chache: pedali. Anza na nne, kompresa, ovadraivu, korasi na dilei. Kwa dansi kompresa ni ya kwanza kununuliwa, maana ndiyo inayolainisha zile noti za haraka za sebene zikatoka sawasawa, na hakuna anayekuambia dukani.

Unasafiri mwenyewe lakini daftari limejaa mabadiliko: multiefekti ya sakafuni, au pedali pamoja na kile kiboksi cha kumbukumbu.

Una amplifaya yako yenye lupu nzuri, vifaa vinalala sehemu moja au kuna gari na mtu wa kubeba: hapo raki inakufaa, na ina faida moja ambayo haisemwi vya kutosha. Raki inakaa karibu na amplifaya. Sauti inapita kwenye kebo za nusu mita, na kinachokuja hadi miguuni ni kebo moja ya MIDI, ambayo inaruhusiwa kufika mita 15. Ukitaka pedali zako zikae kwenye lupu huku ziko miguuni, ni lazima sauti itoke kwenye amplifaya mita 6 hadi kwako na irudi mita 6, juu ya kebo ya gita na ile ya kwenda kwenye amplifaya. Kebo nne, zote zinakanyagwa na waimbaji.

Ila hata ukiwa na raki, usiiachie kila kitu. Mimi napanga hivi: wa-wa (ile inayofanya gita litamke "wa"), kompresa na ovadraivu sakafuni, kwenye pedali, kabla ya sauti kuingia kwenye amplifaya; korasi, dilei na riverbu kwenye raki, ndani ya lupu. Ovadraivu inahitaji kuguswa. Ukumbi ukijaa watu nainama naongeza kidogo, nainuka naendelea kupiga. Kwenye raki ya zamani kitu hicho hicho kimefichwa kwenye ukurasa wa tatu wa skrini ya mistari miwili, mgongoni kwako, gizani.

Hatua ya 6: Ukinunua mtumba, jaribu kwa mpangilio huu

Volti kwanza, nimeshasema. Kisha iwashe uiache dakika 20 ukizungumza na muuzaji. Kapasita zilizochoka hujionyesha mashine ikipata joto, kwa ngurumo inayokua. Zungusha kila kitufe ukiwa unapiga, usikie kama kinachakacha. Hifadhi sauti moja, izime, chomoa waya wa umeme, subiri kidogo, iwashe tena. Ikisahau, betri ndogo ya ndani imekwisha, na kwenye mashine nyingi imeunganishwa kwa risasi, kwa hiyo ni kazi ya fundi, si ya kubadilisha mwenyewe. Hilo si la kukimbia, ni la kupunguziwa bei. Pedali: ikanyage mara ishirini, tikisa kila jeki ikiwa na kebo ndani, fungua mfuniko wa betri uangalie ule unga wa kijani.

Hatua ya 7: Funga

Umeme wote wa gita, raki na amplifaya na adapta, utoke kwenye soketi moja. Ukichukua kwenye kuta mbili, ethi mbili hukutana kupitia kebo yako ya sauti na ngurumo huanza, na fundi mitambo atakuja kukuambia, "Kaka, hii ngurumo inatoka kwako." Raki zenyewe zinaweza kuileta zikigusana kwa fremu ya chuma, na vipete vya plastiki kwenye skrubu hulitatua tatizo hilo. Ikibaki, weka kitransfoma cha kutenganisha kwenye njia ya sauti. Mguu wa ethi wa plagi usiuondoe.

Nyaya za umeme zipite upande mmoja wa sanduku, kebo za sauti upande wa pili, zikilazimika kukutana zipishane kama msalaba. Acha nafasi juu ya mashine inayopata joto. Andika kila kebo kwa utepe na kalamu ncha zote mbili, kwa sababu utaichomeka una dakika nane na bendi iliyotangulia bado inatoa ngoma zake.

Lupu ikiwa ya sambamba, yaani ile yenye kitufe cha kuchanganya, weka raki kwenye asilimia 100 ya efekti bila sauti kavu, yaani isiyo na efekti. Ukichanganya mara mbili sauti hukonda. Ikiwa ya mfululizo, yaani sauti yote hupita kwenye raki, changanya kwenye raki yenyewe. Dilei ihesabu: gawa 60,000 kwa mwendo wa wimbo. Mwendo wa 120 unatoa milisekunde 500, na robo tatu yake, 375, ndiyo tamu kwa solo ya taratibu. Sebene naiweka kati ya 90 na 120, mrudio mmoja, chini chini, vinginevyo noti zinapandana na mpiga gita la rizimu anapoteza njia.

Hatua ya 8: Fanya mazoezi gizani

Vaa viatu utakavyovaa jukwaani. Weka wimbo wenye mabadiliko mengi, zima taa ya chumba, upige kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuangalia chini. Mahali mguu ulipokosea, sogeza pedali au badili namba ya kitufe, si mguu. Rudia. Nimekuwa nikifanya hivi jioni ya kabla ya shoo, na karibu kila mara kuna kitu kimoja kinachohama sentimita mbili au tatu. Kikishakaa, zungushia utepe mweupe chini yake ili kesho kirudi palepale.